Hesabu Kabla ya Tingatinga: Vipepeo, Viwanda na Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012, ukiundwa na wilaya zilizokatwa kutoka Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Tangu hapo umekuwa na shauku isiyofichika: viwanda. Ni mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, nao umechoka kuona marobota yake yakipakiwa kwenda kusokotwa kwingine. Maswa wakaanzisha kiwanda cha chaki, Meatu wakaanzisha cha maziwa, na viwanja vya Nyakabindi mjini Bariadi vikawa mwenyeji wa Nane Nane ya kitaifa kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Chini ya kilima cha Wamangola huko Dutwa, na cha Ngasamo wilayani Busega, imelala nikeli, madini yanayosakwa kwa udi na uvumba na watengenezaji wa betri duniani.

Si haki kuwaambia watu wa Simiyu wasiyatake hayo. Swali la uchambuzi huu ni jingine: ardhi hiyohiyo inalea viumbe gani wasiopatikana penginepo, hasa wadogo kama vipepeo, na nani anapaswa kulijua hilo kabla mtambo wa kwanza haujawashwa? Dai langu ni kwamba hatima ya kiumbe adimu huamuliwa zaidi na tarehe ya kujulikana kwake kuliko na wema au ubaya wa mwekezaji. Aliyejulikana mapema hupewa nafasi wakati ramani bado ni ya penseli. Aliyejulikana zege likiwa limeshamwagwa huokolewa kwa fedha nyingi, tena mara nyingi akiwa ameshaangamia porini. Tanzania ina ushahidi wa pande zote mbili.

Mbawa hazimsaidii kiwavi

Wengi humwona kipepeo kama kiumbe asiyefungwa na mahali: akifukuzwa hapa atarukia kule. Kwa spishi zilizoenea sana hilo lina ukweli. Vipepeo weupe wa spishi ya Belenois aurota huvuka nyanda za Afrika Mashariki kwa makundi makubwa baada ya mvua, na wakazi wa Usukuma wamewaona wakipita juu ya mashamba siku nzima. Lakini maisha ya kipepeo huamuliwa akiwa kiwavi, na kiwavi hana mbawa. Jike hutaga kwenye mmea ambao watoto wake wanaweza kuula, na kwa spishi nyingi mmea huo ni mmoja au ni jamaa chache tu za mmea huo. Mmea ukifyekwa, kipepeo mzima anaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa akinyonya maua, ilhali kizazi chake kimeshakatika.

Wapo wenye masharti magumu zaidi. Katika udongo mweusi wa mbuga hustawi mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, ambao upepo ukipita hutoa mlio kama wa filimbi. Kipepeo mdogo aitwaye Anthene usamba amefunga maisha yake kwenye mti huo na kwa sisimizi wa spishi moja wanaoukalia. Kiwavi wake hujificha ndani ya vinundu, akiishi kati ya walinzi ambao wangemrarua kiwavi mwingine yeyote. Kipepeo huyo anahitaji mti, anahitaji sisimizi, na anahitaji viwili hivyo vikutane. Akikosa kimoja, hana pa kwenda.

Ongeza juu ya hayo eneo dogo la makazi, upate kiumbe wa mahali pamoja. Papilio sjoestedti hapatikani popote duniani ila kwenye misitu ya Meru, Kilimanjaro na nyanda za juu za Ngorongoro. Cymothoe amaniensis, aliyepewa jina la Amani, ni wa misitu ya milima ya mashariki mwa Tanzania. Vipepeo wengi wa aina hii wanaojulikana nchini ni wa milimani, na sababu yake ni ya kisayansi: msitu wa mlimani uliozungukwa na nyanda kavu ni kisiwa, na visiwa huzaa spishi mpya. Lakini iko sababu nyingine, ya kibinadamu. Wakusanyaji wa wadudu huenda mahali wanapotarajia kupata kitu kipya. Wamekwenda Usambara, Uluguru na Udzungwa kwa zaidi ya karne moja. Kwenye nyanda za pamba wamepita wakielekea kwingine.

Kihansi: kujua kwa kuchelewa

Mfano unaofundisha zaidi Tanzania ni wa chura, lakini kila hatua yake ingeweza kuwa ya kipepeo. Katikati ya miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulianza ujenzi wa mtambo wa umeme wa Kihansi kusini mwa milima ya Udzungwa. Mto Kihansi huporomoka mamia ya mita ndani ya korongo jembamba, nao wahandisi waliona humo megawati 180. Desemba 1996, ujenzi ukiendelea, watafiti waliotumwa korongoni wakakuta chura wa manjano mwenye urefu usiofika sentimita 3, asiyetaga mayai bali anayezaa watoto kamili. Alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, katika eneo ambalo ukiliunganisha lote halizidi hekta 2. Maelezo yake ya kisayansi, kwa jina la Nectophrynoides asperginis, yalichapishwa karibu na mwaka ule ule mitambo ilipoanza kuzalisha umeme.

Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, mto uliokuwa ukimwaga wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde ulibakiziwa chini ya 2. Manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na korongoni kukafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko. Ilionekana kufanikiwa: kufikia katikati ya 2003 vyura porini walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wametoweka karibu wote. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ya vyura ulithibitishwa. Wako pia waliotaja viuatilifu, ikiwemo endosulfani, vilivyoshuka na tope bwawa liliposafishwa. Wa mwisho porini alionekana 2005, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Mkopo wa mwaka 2001 wa kusimamia mazingira ya Kihansi ulizidi dola milioni 6. Fedha hizo ni gharama ya kujua jambo miaka michache baada ya wakati wake. Mabomba, maabara, safari za ndege na vizimba vya Marekani vilinunuliwa kwa sababu korongo halikukaguliwa barabara kabla ya uamuzi wa kujenga. Ukaguzi wa misimu miwili ungegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na umeme ungeweza kupatikana huku kiasi cha maji ya kuachia manyunyu kikiingizwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Natron na barabara ya Serengeti: kujua mapema

Linganisha na Ziwa Natron. Mwaka 2006 hadi 2008 Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals walikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi kando ya ziwa hilo. Heroe wadogo wa Natron hawakuhitaji kugunduliwa. Ilikwisha kujulikana kwa miongo kadhaa kwamba karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo, na ziwa lilikuwa limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2001. Ubishi ulipoanza, takwimu zilikuwa tayari. Tata wakajiondoa 2008, na serikali ikageuzia macho magadi ya bonde la Engaruka. Magadi bado yapo, heroe bado wanazaliana.

Mfano wa pili unaigusa Simiyu moja kwa moja. Mwaka 2010 ulipotangazwa mpango wa barabara kuu kukatiza kaskazini mwa Serengeti, wapinzani walikuwa na silaha kali: hesabu ya nyumbu zaidi ya milioni 1 na ramani za mizunguko yao zilizochorwa kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba barabara ya lami hapo ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Njia mbadala iliyopigiwa debe na wahifadhi ilikuwa ya kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, kuvuka Mto Sibiti, kisha Meatu na Maswa.

Tafakari maana yake. Nyumbu waliohesabiwa waliisukuma barabara kwenda kwenye ardhi ambayo viumbe wake hawakuhesabiwa. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Njia ya kusini inapita kwenye watu wengi zaidi, na Meatu ilihitaji daraja la Sibiti kwa miaka mingi. Lakini katika mizani ile, upande mmoja ulikuwa na takwimu na upande wa pili ulihesabiwa kuwa mtupu. Ndivyo maeneo yasiyo na sifa ya kitalii yanavyogeuka kuwa majibu rahisi ya matatizo ya maeneo yenye sifa.

Wengine walifanyaje

Afrika Kusini kuna kipepeo mdogo wa buluu, Orachrysops niobe. Alipatikana Knysna mwaka 1858, akapotea kwenye macho ya wataalamu kwa zaidi ya karne, kisha mwaka 1991 akaonekana Brenton-on-Sea, mahali palipopimwa viwanja vya nyumba. Baada ya kampeni ndefu serikali ilinunua ardhi hiyo mwaka 1998, takriban hekta 15, ikawa hifadhi. Kiwavi wake anategemea mmea mmoja wa jamii ya kunde na sisimizi wa spishi moja. Juni 2017 moto mkubwa ulipopita Knysna, hifadhi iliungua. Hapo tunajifunza kwamba kipepeo wa mahali pamoja akinusurika na wajenzi bado yuko mikononi mwa ajali moja.

Uingereza ilijifunza jingine. Kipepeo wake mkubwa wa buluu alitoweka mwaka 1979 licha ya kuwekewa uzio. Wahifadhi walizuia mifugo isimkanyage, nyasi zikarefuka, ardhi ikapoa, na sisimizi aliyekuwa akimlea kiwavi wa kipepeo huyo akahama. Kumbe kondoo na ng'ombe walikuwa sehemu ya maisha yake. Aliporudishwa miaka ya 1980 kutoka Sweden, malisho yalirudishwa kwanza. Na California, ndani ya eneo la kiwanda cha kusafisha mafuta huko El Segundo, kampuni ilitenga kipande cha matuta ya mchanga kwa ajili ya kipepeo wa hapo aliyewekwa kwenye orodha ya ulinzi mwaka 1976. Mafuta yaliendelea kusafishwa. Katika visa vyote vitatu kilichohitajika ni ardhi ndogo na maarifa ya undani: mmea gani, sisimizi gani, nyasi za urefu gani.

Simiyu yenyewe: vilima

Sasa turudi Bariadi. Kampuni ya African Eagle, iliyokuwa ikiuza hisa zake London, ilipima mashapo ya Dutwa kwa miaka kadhaa na kutangaza takriban tani milioni 100 za mwamba wenye nikeli ya karibu asilimia 0.9. Kuitoa nikeli hiyo kungehitaji asidi ya salfuriki kwa wingi. Bei ya nikeli iliposhuka mradi ulikwama, lakini madini hayajaenda popote, na mahitaji ya betri yanayarudisha kwenye mazungumzo kila mara.

Vilima vyenye nikeli ya namna hii si vilima vya kawaida. Mwamba wake una magnesiamu na chuma kwa wingi, kalsiamu haba, na metali zinazodhuru mizizi ya mimea mingi. Mimea inayomudu hapo ni ile iliyojizoesha kwa muda mrefu, na duniani kote ardhi ya aina hii inajulikana kwa kuzaa mimea isiyopatikana kwingine. New Caledonia, kisiwa kinachochimbwa nikeli tangu karne ya 19, ni mfano mashuhuri. Huko Zimbabwe, mwamba wa jamii hiyo unaokatiza nchi una mimea yake ya pekee. Palipo na mmea wa pekee pana uwezekano wa mdudu wa pekee. Kwa jicho la mwindaji wa spishi, Wamangola na Ngasamo ni visiwa juu ya bahari ya mbuga, kama Usambara ilivyo kisiwa juu ya nyika ya Tanga. Basi mahali pa kwanza pa kuhesabu vipepeo Simiyu ni palepale pa kwanza pa kuchimba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi wa aina hiyo. Udhaifu wake uko kwenye kalenda. Timu ikiletwa Dutwa mwezi Julai itakuta majani makavu na vumbi, iandike kwamba wadudu ni wachache. Vipepeo wa nyanda hizi hujitokeza na mvua: za vuli kuanzia Novemba, za masika kuanzia Machi, na baadhi ya spishi huruka kwa wiki chache tu. Ripoti ya wiki moja ya kiangazi inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado ikapotosha.

Simiyu yenyewe: mashamba

Hata hivyo, kama leo kungekuwa na mahakama ya wadudu Simiyu, mshitakiwa wa kwanza asingekuwa mgodi. Angekuwa bomba la mgongoni. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, na viuadudu hupuliziwa katika miezi ya mvua inayofuata. Adui mkubwa ni funza wa vitumba, ambaye ni kiwavi wa nondo, binamu wa vipepeo. Tangu 2017 ameongezeka kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Dawa iliyotengenezwa kuua kiwavi haina namna ya kumuuliza kiwavi anakula nini. Ekapaki, yaani kipimo cha kiuadudu cha ekari moja, inayonyunyizwa kwa ajili ya funza humfikia pia kiwavi aliye kwenye kichaka cha mpakani mwa shamba, na mvua huishusha hadi Mto Simiyu na hatimaye Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Endosulfani iliyotajwa Kihansi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika sana duniani kwenye pamba, hadi ilipowekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011.

Hapa ipo historia inayofaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Usukuma ulikuwa uwanja wa vita dhidi ya mdudu, mbung'o. Aliyeongoza utafiti wake kutoka Shinyanga alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kabla ya kuja Tanganyika mtu huyo alijijengea jina kwa kuchunguza jinsi ndege wanavyochagua vipepeo wa kula na kuwaacha wenye sumu. Chini ya mkakati wake watu walikusanywa kwa maelfu kupitia kwa watemi, wakafyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Malale yalipungua, ng'ombe wakaongezeka, na watu wakapata ardhi. Pia miti ilikwisha. Miaka ya 1950 pamba ilipopanda bei, ufyekaji ukaendelea kwa sababu nyingine. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ilitajwa kuwa inaelekea kuwa jangwa.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba viwanda vitaikuta Simiyu ikiwa bikira. Vitakuta ardhi iliyokwishapoteza mengi, ambamo kilichobaki kimejibana vilimani, kandokando ya mito, kwenye mapango ya mawe, ndani ya Pori la Akiba Maswa na kwenye ngitili, yaani malisho ya Wasukuma yanayofungwa kwa msimu. Ndiyo maana kila kipande kilichobaki kina uzito kuliko ukubwa wake.

Je, kipepeo anaweza kujilipia?

Hoja inayopendwa siku hizi ni kwamba uhifadhi ulete fedha. Kwa vipepeo jambo hilo limejaribiwa. Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke: wanakijiji hufuga viwavi, huuza pupa, nazo husafirishwa hadi bustani za maonyesho Ulaya na Marekani. Usambara Mashariki mradi wa Amani ulianza 2001 kwa mtindo huohuo, ukawa na wafugaji mamia katika vijiji kadhaa, wengi wao wanawake. Mantiki yake ni nzuri: anayevuna pupa anahitaji majike wa porini na mimea yao, hivyo ana sababu ya kuulinda msitu.

Kisha Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kusafirishwa nje, na serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai wote. Amri iliyowalenga walanguzi wa wanyamapori iliwaangukia pia akina mama wa Amani waliokuwa wakituma pupa. Soko lililojengwa kwa miaka 15 lilifungwa kwa tangazo moja. Uhifadhi unaosimama juu ya mnunuzi wa mbali unaweza kuanguka kwa sababu isiyohusiana kabisa na kipepeo.

Simiyu haiwezi hata kuanza na mfano huo. Maonyesho ya Ulaya hununua vipepeo wakubwa wenye rangi kali, wa msituni. Wa nyandani wengi ni wadogo, wa kahawia au buluu iliyofifia, hawauziki. Wala tusiwauze kwa hoja ya uongo kwamba pamba itakosa kuzaa bila wao: kipepeo ni mchavushaji wa kiasi, na nyuki humzidi mbali. Thamani yake kubwa ni ya upimaji. Kwa kuwa kila spishi imefungwa kwenye mmea wake na huitikia mabadiliko ndani ya msimu mmoja, kupungua kwa vipepeo huonyesha mapema kwamba mimea, wadudu rafiki wa mkulima na malisho vinaharibika. Wapo Simiyu wenye faida katika taarifa hiyo: mfugaji, mrina asali, na mkulima wa pamba ya kilimo hai. Huyu wa mwisho si wa kufikirika. Meatu imekuwa na wakulima wa pamba hai chini ya bioRe tangu 1994, wanaolima bila viuadudu vya viwandani na kupanda alizeti katikati ya pamba ili kuvuta wadudu.

Ngitili kama msingi

Chombo cha kuwalinda viumbe hawa Simiyu hakihitaji kuagizwa. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikizidi, ni utaratibu wa Wasukuma wenyewe, na dagashida ndiyo baraza lililozoea kuwatoza faini wanaouvunja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 ulikuta ngitili za hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ajabu njema ni kwamba ngitili hufungwa katika miezi ileile ambayo viwavi wanakula, na hufunguliwa wakati wengi wameshamaliza. Na kwa kuwa mifugo huingia baadaye, nyasi hazizidi kurefuka kama zilivyorefuka ndani ya uzio wa Uingereza.

Kutokana na haya yote, mambo manne yanawezekana kwa uwezo uliopo. Kwanza, halmashauri za Bariadi na Busega zianze kuhesabu sasa, kabla hakujawa na mwekezaji wa kulaumu. Njia ni nyepesi: mstari uleule wa kutembea, saa ileile, kila wiki, kuandika kila kipepeo anayeonekana mita chache kushoto na kulia. Uingereza imefanya hivyo tangu 1976 kwa kutumia watu wa kawaida. Walimu wa biolojia, maafisa ugani na wanafunzi wa Dutwa na Ngasamo wanaweza kuifanya, huku kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru na vyuo vikuu vikithibitisha majina. Pili, tathmini ya mradi wowote wa vilimani isipokewe bila mvua za vuli na za masika ndani yake. Tatu, mita 60 za kingo za mito ambazo sheria ya 2004 imekwishazizuia kwa shughuli za kibinadamu ziachwe kweli, na ekapaki ifunguliwe baada ya kukagua shamba na kuona funza wamefikia kiwango cha kudhuru, badala ya kufuata kalenda. Nne, ngitili zilizo karibu na vilima na vinu vya kuchambua pamba zipewe hati na mpango wa kijiji, ili siku fidia inapojadiliwa ziwe na mwenyewe.

Inabaki kesi ngumu. Itakuwaje spishi isiyopatikana kwingine ikigundulika juu ya mwamba wenyewe wa nikeli? Uzoefu unaonyesha kwamba mara nyingi hekta chache zinatosha, na mchoro wa mgodi unaweza kuzikwepa endapo hazijachelewa kujulikana. Pale ambapo hazikwepeki, msimamo wangu ni kwamba kilima hicho kisifunguliwe. Nikeli nyingine iko Kabanga huko Ngara, na masoko yanaweza kuipata Indonesia au Canada. Kiumbe wa Wamangola hana Kabanga yake. Lakini uamuzi huo utakuwa wa haki ikiwa tu wana Dutwa hawatabebeshwa peke yao gharama ya kuukosa mgodi. Taifa likiamua kuacha nikeli ardhini kwa faida ya wote, bajeti ya taifa ndiyo itakayopaswa kuleta maji, zahanati na ajira ambazo mgodi uliahidi. Bila hilo, mwananchi wa Dutwa atakuwa na kila sababu ya kumwona kipepeo kama mpinzani wake. Kwa hiyo Bariadi inapowaita wawekezaji, bajeti yake ya mwaka huohuo iwe na fungu la kuhesabu na la kufidia, kwa sababu mafungu hayo mawili ndiyo rahisi kuliko yote yatakayofuata.